Majina ya Mgongoni

Anayesimama katikati ya watu elfu sitini wanaosubiri kukimbia hana cha kutazama zaidi ya migongo, na migongo ya Newcastle inasomeka. Mmoja umebanwa kwa pini karatasi yenye picha ya mzee aliyevaa kapelo, na chini yake maneno ya kalamu nene yanasema mwenye mgongo huo anamkimbilia baba yake. Wa jirani una jina la mtoto na tarehe mbili zinazokaribiana mno. Mwanamke mmoja, nywele kazifunga kwa utepe wa zambarau, alikuwa amejaza majina kutoka begani hadi kiunoni. Alihisi nayasoma, akageuka, akacheka, akanieleza kwamba hao ni wachangiaji wake: kila aliyetoa pauni ishirini aliahidiwa nafasi ya mgongoni, na wajomba wawili waliochelewa kulipa wamewekwa huko chini ambako jasho litawafuta mapema.

Nimezoea migongo ya aina nyingine. Dar es Salaam, alfajiri ya Jumapili ya mbio, sote huwa na mgongo mmoja. Nembo ya benki iko juu, kubwa; chini yake kampuni ya bima, mtandao wa simu, maji ya chupa, soda; na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, jambo lenyewe linalochangiwa. Fulana hutolewa pamoja na namba ya kifuani, na asiyeivaa siku hiyo huonekana mpita njia aliyevamia msafara. Baada ya miezi michache utaikuta gereji, utaikuta kwa dada anayekaanga vitumbua, utaikuta kwenye mabega ya mtu asiyewahi kukimbia hata kuwahi daladala, ikiendelea kumtangaza mdhamini bila malipo.

Mbio nilizofuata huko zinaitwa Great North Run. Ni nusu marathoni, kilomita 21 na ushee, na hazirudi zilikotoka. Zinaanzia katikati ya Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, zinavuka mto Tyne, zinaipita Gateshead, kisha zinaelekea mashariki hadi South Shields, pale nchi inapoishia kwenye Bahari ya Kaskazini. Zilianza Juni 1981 na washiriki 12,000 hivi, idadi iliyoonekana ya ajabu enzi hizo. Mwaka 2014 zilifikisha mtu wa milioni moja kuvuka mstari wa mwisho. Mwaka 2025, nilipokuwapo, walikimbia 60,000. Mdhamini mkuu ni AJ Bell, kampuni inayowawezesha Waingereza kuwekeza akiba zao kwenye hisa na pensheni, na jina lake limetangulia jina la mbio kwenye kila bango.

Mwanzilishi ni Brendan Foster, mwanariadha wa huko huko, na hapa Mtanzania ana haki ya kusimama kidogo. Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alipochomoka mbele tangu mlio wa bastola na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, Foster alikuwamo katika mbio zile zile. Alimaliza wa saba. Miaka miwili baadaye nchi za Kiafrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia, na Foster akaondoka na shaba ya mita 10,000. Kisha ni New Zealand hiyo hiyo, mjini Auckland, alikokwenda mwaka 1979 akaona maelfu ya watu wa kawaida, wenye vitambi na wasio navyo, wakikimbia pamoja barabarani kwa kujifurahisha. Wazo akalibeba hadi kwao. Kwa hiyo wakati wengine wakiitazama Newcastle kama mji wa makaa ya mawe na mpira, mimi niliingia nikiona kwamba tuna ujamaa nao wa mbali.

Nafasi ya kukimbia hupatikana kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kura: unaandika jina, unasubiri, unabahatika au hubahatiki. Ya pili ni kupitia mashirika ya hisani, ambayo hununua nafasi kwa waandaaji na kuwapa watu wanaoahidi kukusanya kiasi fulani cha fedha. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa migongo. Mwenzetu wa kule akishapata nafasi huanza kuwaandikia binamu, majirani, wafanyakazi wenzake na mwalimu wake wa zamani kuwaomba wachangie, na kila wiki huwakumbusha. Sisi tuna kamati ya harusi, kundi la WhatsApp, mweka hazina na orodha ya walioahidi wasiotoa. Wao wana hayo yote, bwana harusi akiwa ni mtu mwenye kaptura. Kijana mmoja mwalimu, tuliyepanga foleni moja ya choo, aliniambia kukimbia kunampa furaha na kuomba kunamtesa. Alikuwa bado hajatimiza ahadi yake. Alisema miguu inauma siku mbili, lakini shangazi aliyeombwa mara tatu hukumbuka mwaka mzima.

Jambo hili lilinishangaza kuliko yote, na bado sijalimaliza kichwani. Uingereza ina huduma ya afya ya serikali ambapo mgonjwa hutibiwa bila kulipa mlangoni. Hata hivyo, nyumba zinazowahudumia wagonjwa walio ukingoni mwa maisha zinategemea kwa sehemu kubwa michango ya watu, na utafiti wa saratani vilevile huchangiwa kwa kukimbia, kuoka keki na kunyoa vipara. Nilidhani nchi tajiri ilishavuka hatua ya kupitisha kofia. Kumbe wameipanua kofia mpaka ikawa barabara nzima.

Kwetu, mtiririko wa fedha ni mwingine na una sifa zake. Mbio za benki ya CRDB pale Dar es Salaam zimekuwa zikichangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete; zile za NBC kule Dodoma zimejikita katika saratani ya mlango wa kizazi. Mshiriki hutuma ada kwa simu, hupata ujumbe, huenda kuchukua vifaa vyake, basi. Na wengi hata hiyo ada hawaitoi, kwa sababu ofisi imewalipia na ofisa utumishi ameshabandika orodha. Siku ya mbio hundi ya mfano, kubwa kuliko mlango, hukabidhiwa mbele ya kamera. Ni njia ya haraka, na mtoto aliyefanyiwa upasuaji haulizi fedha zilipita mikononi mwa nani. Ila mkimbiaji wetu akiulizwa anamkimbilia nani, mara nyingi ataanza kwa kutazama fulana yake.

Asubuhi ya mbio, barabara kuu ya magari inayopita katikati ya Newcastle hufungwa, nayo hujaa watu hadi upeo wa macho. Hakuna anayepiga kelele kuwapanga. Kila namba ina rangi, kila rangi ina eneo lake na muda wake, na watu hulitafuta eneo lao wakiwa wamekumbatia magunia ya plastiki waliyoyatoboa matundu ya kichwa na mikono kujikinga na baridi. Mizigo yao wameshaiweka kwenye mabasi yaliyopangwa mstari. Mabasi hayo huondoka na mabegi yao, yakawangojee wenyewe kule baharini. Mtu anakabidhi suruali na funguo za nyumba kwa basi asilolijua dereva wake, kisha anaondoka akipiga mluzi.

Nilisubiri hotuba. Kwetu, kabla ya mbio, yupo mshereheshaji, yupo mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, upo ujumbe wa mdhamini, zipo salamu za mkuu wa wilaya, na yupo mgeni rasmi ambaye kila msemaji humtaja kwa cheo chake chote kabla ya kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Jua linachomoza, maji uliyokunywa yanadai kutoka, na waliopasha misuli kwa singeli saa moja nzima wanaanza kupoa. Newcastle, mtu mashuhuri hualikwa kubonyeza kitufe cha kuanzishia, na kazi yake inaishia hapo, pamoja na kuinama kwenye jukwaa kugongesha viganja na wanaopita. Muziki ukapigwa, wakaondoka wenye viti vya magurudumu, wakaondoka wanawake wa kulipwa, kisha wanaume wa kulipwa na kundi la kwanza. Halafu sisi tukaanza kutembea. Ukiwa kundi la nyuma unatembea kwa muda mrefu kabla ya kuufikia mstari, na ukiufikia unakuta walio mbele wameshaivuka nusu ya safari. Mkimbiaji mwenye namba ndogo na mwenye namba kubwa wanaposimulia mbio hizi jioni, sikiliza vizuri, maana wanazungumzia siku mbili tofauti.

Mwanzo ni mteremko, na kabla ya mto kuna njia zinazopita chini ya madaraja ya barabara. Humo ndimo nilipopata mshtuko mtamu. Mtu mmoja alipaza sauti, “Oggy, oggy, oggy!” na mamia wakamjibu, “Oi, oi, oi!” saruji ikarudisha mwangwi, na kila kundi lililoingia likaanza upya. Waliosoma shule zetu za msingi wanaujua mchakamchaka wa alfajiri, kiranja akianzisha na darasa likiitikia huku vumbi likipanda hadi magotini. Sikutarajia kuukuta chini ya barabara ya Uingereza, ukiongozwa na mtu mzima mwenye mvi aliyejipaka rangi usoni.

Kisha unatokea mwangani, na mbele yako ni Daraja la Tyne, upinde wa chuma uliofunguliwa mwaka 1928. Mwaka huo lilikuwa katika ukarabati, limevishwa majukwaa ya mafundi, kwani walitaka liwe limepona kabla ya kutimiza miaka mia. Hapo ndipo kila mtu hutoa simu. Ndege nyekundu za kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga hupita juu ya daraja zikiachia moshi wa rangi za bendera yao, na sauti yake hukufikia kifuani kabla ya masikioni. Wanaokimbia husimama, wanaotazama hulia. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akifuta machozi kama ana ndugu jeshini. Akasema hapana, analia tu, hulia kila mwaka.

Upande wa pili ni Gateshead, na barabara inaanza kupanda polepole kwa muda mrefu kuliko unavyopenda. Alama za njiani ni za maili, kumi na tatu kwa jumla, na kwa mtu aliyezoea kilomita hesabu hiyo ina hila: namba ni ndogo, zinakufariji, lakini kutoka moja hadi nyingine unaweza kumaliza rozari. Sehemu hii ya kati wengi huisema vibaya. Ni barabara ya njia mbili pana, kuta za kuzuia kelele, kituo cha mafuta, mzunguko wa magari, barabara tena. Wenye kasi hulalamika kwamba wamezuiliwa na watu watano wanaotembea wameshikana mikono; wanaotembea hulalamika kwamba wamepigwa viwiko. Kila upande una haki yake. Mbio za watu elfu sitini haziwezi kuwa mashindano na matembezi ya familia kwa wakati mmoja bila mmoja kumkanyaga mwenziwe.

Pamoja na furaha hiyo, barabara hii ina kumbukumbu nzito. Mwaka 2005 wakimbiaji wanne walifariki siku moja katika mbio hizi. Leo wahudumu wa afya wamesambazwa njia nzima, na nyuma ya namba ya kifuani pana nafasi ya kuandika maradhi uliyo nayo na simu ya ndugu. Niliijaza yangu usiku wa kuamkia mbio, na nikakumbuka ni namba ngapi za Dar nimewahi kuzivaa nyuma zikiwa tupu.

Kinachoifanya barabara hiyo ivumilike ni wenye nyumba. Hawa ndio ninaotaka kuwaelezea kwa kirefu, kwa sababu sijaona mfano wao. Mara tu makazi yanapoanza, watu wametoa viti vya plastiki, meza za bustani, mabomba ya kumwagilia maua. Mtoto amesimama na bakuli la pipi laini zenye umbo la vichanga, na akiona umepita bila kuchukua anakunja uso. Bibi mwingine amekata machungwa vipande vinne vinne. Mwenziwe anagawa barafu za kijiti alizozigandisha wiki nzima. Wanaume wa mtaa fulani wamepanga vikombe vya bia na wanakusihi kwa dhati kabisa, kama wauguzi. Kuna bendi za matarumbeta, kuna kwaya, kuna kijana aliyetoa spika dirishani na kupiga wimbo mmoja tu tangu asubuhi. Hawa hawamtumikii mdhamini. Hakuna aliyewapa fulana. Jina lako limechapwa juu ya namba, wanalisoma, na wanakuita kwalo. Langu waliligeuza namna nne kabla sijafika maili ya nane, na zote niliziitikia.

Dar, watazamaji wetu wakubwa ni wale waliozuiwa. Ni bodaboda aliyezima pikipiki na kuegemea usukani, abiria wa daladala aliyetoa kichwa dirishani, mama anayewahi misa ya kwanza na kumwuliza askari hawa wenye nacho wanakimbizwa na nini. Swali la haki kabisa. Njia za mbio zetu nyingi hupita Masaki, Oysterbay na Daraja la Tanzanite, kwenye kuta ndefu na mageti yaliyofungwa, ambako anayekushangilia ni mlinzi aliyemaliza zamu. Sijui tungeona nini kama siku moja tungezipitisha Mbagala au Manzese. Naamini angalau maji ya bomba tusingeyakosa, na maneno ya kutuchekesha tungepewa mengi.

Moshi huwa tofauti kidogo. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu 2003, humpandisha mkimbiaji wa nusu marathoni kuelekea Mweka, katikati ya migomba, na watoto husimama kingo za barabara kugongesha viganja. Wageni kutoka Ulaya hurudi wakiusimulia mlima na watoto hao kuliko medali. Mdhamini wake mkuu ni bia yenye jina la mlima, kwa hiyo mtu akisifu Kilimanjaro hujui amekusudia kilele au chupa, na nadhani watu wa bia hawana haraka ya kufafanua.

Nikiwa bado kwenye kupanda, alinipita faru. Alikuwa mtu ndani ya vazi kubwa la faru, pembe mbili mbele, miguu ya binadamu chini, akikusanya fedha za kuwalinda faru wa kweli. Nyuma yake alifuata mtu aliyebeba friji mgongoni. Watu walimshangilia wa friji kwa sababu wamemzoea. Mimi nilibaki na faru. Watanzania wengi tunazaliwa na kufa bila kumwona mnyama huyo anayeishi nchini mwetu, na huyu hapa, Gateshead, alikuwa akipewa kipande cha chungwa.

Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakipita barabara hii kwa kasi nyingine kabisa. Benson Masya wa Kenya alishinda hapa mara nne, na ushindi wake wa 1992 ulikuwa pia ubingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni. Mwaka 2000 mshindi alikuwa Mtanzania, Faustin Baha. Nilimtaja kwa kila aliyekubali kunisikiliza na hakuna aliyemkumbuka. Nilipowaandikia rafiki zangu wa nyumbani usiku, nao walikuwa wamemsahau. Siku chache baada ya mbio hizi za 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, na nchi nzima ikaamka. Nafurahi. Ila Baha naye alishinda mbele ya umati mkubwa, na jina lake halimo hata kwenye maswali ya chemsha bongo.

Maili ya mwisho hutanguliwa na mteremko mkali unaokutupa ghafla ufukweni. Unageuka kushoto, na bahari iko kuliani mwako, ya rangi ya bati, haina uhusiano wowote na ile ya Coco Beach. Watu wamejipanga pande zote mbili safu nne, safu tano. Upepo wa hapo wenyeji wanausema kwa fahari, kana kwamba wameununua.

South Shields yenyewe wakimbiaji huiona kwa haraka, na ni hasara. Mabaharia wa Yemen walianza kuhamia hapa karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, wakipitia Aden, kufanya kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za Waingereza. Walioa, wakazaa, wakabaki. Kwa sisi watu wa pwani, tuliokua na duka la Mshihiri kila kona, habari hiyo inaingia akilini mara moja. Bahari ni ile ile, wao walipanda meli iliyogeukia upande mwingine. Upo msikiti wao mtaa wa Laygate, na mwaka 1977 Muhammad Ali aliuzuru, ndoa yake ikabarikiwa humo. Nilikwenda kuuona nikichechemea. Mzee aliyekuwa mlangoni alitazama miguu yangu, akacheka, akanisogezea kiti kabla ya kuniamkia.

Baada ya mstari wa mwisho unapewa medali na fulana, kisha unaachiwa utafute njia. Kila shirika la hisani lina hema lake, na mtu wa shirika hilo akiingia hupigiwa makofi, hupewa chai, husuguliwa misuli. Asiye na shirika hukaa kwenye nyasi na biskuti yake. Hapo nilikumbuka nyumbani kwa njaa ya kweli. Kwetu mbio ni utangulizi wa sherehe: kuna supu, kuna nyama choma, kuna msanii wa Bongo Fleva jukwaani, na klabu za jogging zilizokuja na mabasi yao hucheza mpaka saa sita mchana wakiwa bado na namba kifuani. Hakuna anayemaliza peke yake. Aliyetangulia hurudi nyuma kumchukua wa mwisho wa klabu yake, wakaingia naye wakiimba. Kule nilimwona mtu akivuka mstari kwa machozi, akapiga picha ya medali yake mwenyewe, akaweka spika za masikioni, akaondoka.

Safari ya kurudi ni sura nyingine ya mbio hizi, na kila mtu ana hadithi yake. Mji mdogo umemwagiwa watu kwa maelfu, na wote wanataka kurudi Newcastle jioni hiyo hiyo, kwa treni, kwa basi, au kwa kivuko kinachovuka mto hadi North Shields. Mwaka 2023 mvua kubwa ya radi iliangukia umaliziaji, barabara zikafurika, na watu waliokwisha kukimbia kilomita 21 wakasimama ndani ya maji wakitetemeka. Wanaosimulia mkasa huo huanza kwa hasira na kuishia kwa majivuno.

Foleni ndefu ni mahali pazuri pa kuulizia mambo. Niliuliza waliokuwa karibu yangu mdhamini ni nani. Bwana mmoja alijibu Bupa, kampuni ya bima ya afya ambayo kweli iliweka jina lake hapa kwa miaka mingi. Mwingine akasema Morrisons, wenye maduka makubwa. Binti yake akataja Simplyhealth. Zote ziliwahi kuwa, zikaja zikaondoka, na mwenye zamu ya sasa hakutajwa mpaka mtu alipoitazama fulana aliyopewa. Mbio zenyewe wanaziita kwa jina lao la 1981. Kwetu jina la benki ndilo jina la mbio. Likiondoka sijui tutaziitaje. Mtandao wa simu wa Tigo ulipogeuka Yas, nusu marathoni ya Moshi nayo ilibidi ibatizwe upya, na mwaka uliofuata bado watu walikuwa wakijikosoa katikati ya sentensi.

Foleni ilikuwa haisogei, ndipo mtu akaitazama medali kwa makini. Mchoro wa mto uliokuwa humo haukuwa wa Tyne. Ulikuwa wa Wear, mto wa Sunderland, pamoja na madaraja yake, na fulana ilikuwa na kosa hilo hilo. Sunderland iko umbali wa kilomita ishirini hivi, na uhasama wake na Newcastle, hasa wa mpira, hauna mzaha. Mtu wa Dar aelewe hivi: ni sawa na mwana Yanga kukimbia kutwa nzima halafu avishwe nembo ya Msimbazi. Habari ilipita kwenye foleni kutoka mdomo hadi mdomo, kila mtu akainua medali yake, wengine wakaapa, wengi wakacheka mpaka wakashika mapaja yaliyokuwa yakiwauma. Waandaaji baadaye walikiri na kuomba radhi kwa utani.

Nyuma yangu alikuwapo mzee mwenye jezi ya mistari myekundu na myeupe ya Sunderland, aliyezomewa kwa upendo njia nzima. Alikuwa ameivaa medali juu ya koti, ameinyoosha vizuri. Alisema ana droo nzima ya medali zenye daraja la watu wengine, na kwamba aliyekuwa akitaka kuitupa ya kwake asiitupe ovyo, ampe yeye, ana wajukuu.